Kilomita Elfu Moja za Mwanzo

Watu wakiniuliza mama yangu alikufa kwa maradhi gani, nawajibu moyo. Ni kweli, na daktari ndivyo alivyoandika. Lakini mimi nilikuwa ndani ya gari siku ile, kiti cha nyuma, kichwa cha mama kikiwa begani kwangu, na najua kwamba moyo haukuifanya kazi ile peke yake. Ulisaidiwa na injini, na baba, na fundi mmoja mwenye mdomo mwepesi, na mimi mwenyewe. Nitaanza na baba, maana asiyemjua ataona natunga.

Baba alikuwa dereva wa teksi, na kituo kizima kilimwita Kipimo. Hakulichukia jina hilo. Kila asubuhi kabla ya chai alipima oili: akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwenye mwanga kama anayesoma barua ya serikali. Alipima upepo wa tairi zote, na ile ya akiba pia. Nyumbani alikuwa vilevile. Nilipokuwa mdogo, daktari akisema kijiko kimoja kila baada ya saa nane, baba aliniamsha kuninywesha dawa wakati mwenyewe nimeshapona na usingizi mtamu. Akitumwa sukari nusu kilo, alisimama mbele ya mizani ya muuza duka mpaka mshale utulie. Hakuwa mchoyo, hapo watu walimkosea. Aliamini tu kwamba ukiambiwa jambo na mtu anayeijua kazi yake, unalifanya kama ulivyoambiwa, na kuongeza au kupunguza ni kiburi.

Mama alikuwa kinyume chake kabisa. Aliuza nguo za mitumba sokoni, meza ya pili ukitoka mlangoni. Alinunua belo zima bila kulifungua, kwa kulipiga makofi na kulinusa pembeni. Siku nyingine linatoka magauni ya kuwafanya wanawake wakaribie kung'oana nywele, siku nyingine zinatoka soksi za mguu mmoja mmoja, na siku zote mbili mama alicheka. Chumvi aliitia kwa kiganja. Akimkuta baba na kijiti chake cha oili alisema, "Mume wangu, siku ukifa, malaika watakuta umeshajipima mwenyewe." Na baba alijibu bila kucheka, "Itawapunguzia kazi."

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka thelathini na moja, na nisidanganye, walipendana. Mimi mtoto wao wa pekee nilirudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikaweka cherehani yangu barazani, nikawa nashona huku nawasikiliza wakibishana. Ilikuwa burudani ya bure.

Gari letu lilikuwa dogo, jeupe, na mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu. Ndilo lililotulisha kwa nusu, mitumba ikatulisha nusu nyingine. Mwaka ule lilianza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili. Baba aliipima, akaongeza, akaipima tena, na kijiti kikawa kinamwambia jambo lilelile kila asubuhi. Mwishowe, likiwa na abiria wawili kwenye mwinuko, liligonga ndani kwa ndani mara kadhaa, likazima. Lilivutwa kwa kamba mpaka gereji. Baba alikaa nyuma ya usukani njia nzima, uso umemshuka, watu wakipunga mikono kana kwamba ni harusi.

Fundi wetu alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene na maneno mengi kuliko spana zake. Lakini mikono yake ilikuwa ya dhahabu, hilo hata mimi siwezi kumnyima. Aliifungua injini mbele yetu sote watatu. Akatuonyesha kuta za silinda zilivyokwaruzwa, akapitisha ukucha ili tusikie. Ringi moja ya pistoni ilikuwa imekatika vipande.

"Mzee, hapa njia ni mbili," alisema akijifuta mikono. "Ya kwanza, mnanunua injini nyingine iliyotumika, zinatoka nje zikiwa nzima. Naishusha hii, napandisha ile, keshokutwa upo kituoni. Ya pili, tunaichonga hiihii. Silinda zinapanuliwa, pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, tunaifunga upya. Wiki tatu. Gharama hazipishani sana, msiniulize ipi nafuu. Chagueni."

"Ipi ni bora?" baba akauliza.

"Zote injini."

Jibu hilo halikumtosha baba hata kidogo.

Kesho yake tulikwenda mtaa wa vipuri kuziangalia hizo zilizotumika. Zilikuwa zimepangwa sakafuni juu ya tairi kuukuu, nyeusi kwa grisi, nyingine bado zina nyaya zilizokatwa kwa haraka. Muuzaji, kijana wa maneno laini, alichagua moja, akaiunganishia betri, akatundika chupa ya petroli juu yake, akaiwasha palepale chini. Ikaunguruma vizuri, tairi lililokuwa chini yake likatetemeka. Mama akapiga makofi mawili, kama anavyopiga mabelo yake.

"Hii hapa," akasema. "Ina sauti ya mtu aliyeshiba."

Baba aliinama karibu. "Imetembea kilomita ngapi?"

"Kidogo tu, mzee wangu."

"Kidogo ni ngapi?"

Kijana akacheka. "Mzee, injini haina cheti cha kuzaliwa. Nakupa dhamana ya siku saba."

"Na siku ya nane?"

"Siku ya nane unaniombea dua."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Baba hakucheka. Na mimi, kwa kweli, kicheko cha yule kijana kiliniudhi. Alimcheka baba yangu usoni, mbele ya wateja wengine, na nikaona masikio ya baba yamebadilika rangi. Jambo hilo lina uzito katika habari hii.

Jioni walibishana wakiwa wamekaa ukumbini, mimi nikiwa napinda upindo wa suruali.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," baba alisema. "Ile injini naijua tangu siku ya kwanza. Najua ilikopita. Hii nyingine imetoka kwenye gari lililogonga nini? Limezama wapi? Nani aliyeliendesha, mlevi?"

"Zimwi lako limeshakula limemaliza," mama akamjibu. "Mimi kila wiki nanunua belo sijui ndani mna nini, na wewe unakula, unashiba, unajamba. Mitumba ina ubaya gani?"

"Gauni likichanika, mtu hafi."

"Wiki tatu bila gari, baba watoto! Wiki tatu utakaa hapa unapima nini? Unyayo wangu?"

Wakanigeukia. Walifanya hivyo kila walipokwama, na kwa jambo hili walikuwa na haki, maana sehemu ya fedha ilikuwa akiba yangu ya cherehani. Nilimtazama mama, akanikonyeza, alikuwa na uhakika nami. Kisha nikamwangalia baba, nikayakumbuka yale masikio. Nikasema tuchonge yetu.

"Haya," mama akasema, "wengi wape." Akaenda kulala. Hakununa, hakuwa mtu wa kununa, na afadhali angenuna.

Zile wiki tatu sijapata kumwona baba na furaha kama ile. Kila asubuhi alikwenda gereji kama mwajiriwa. Alifuatana na injini mpaka kwenye karakana ya kuchonga, akakaa kwenye benchi akitazama chuma kikipanuliwa taratibu, maji meupe yakimwagika juu yake. Fundi wa karakana alikuwa na kifaa cha kukaza kwa vidole, kinachosoma tofauti ndogo kuliko unene wa unywele. Alimwazima baba akashika. Baba alirudi nyumbani akapima kwa maneno kila kitu alichopima kule, nasi tukamsikiliza mpaka wali ukapoa. "Silinda zote nne ni sawasawa," alisema. "Sawasawa kabisa. Hata ilipotoka kiwandani haikuwa hivi." Mama alimwongezea mchuzi. Nadhani alikuwa amekwisha msamehe, naye baba hakujua kama alikuwa na kosa.

Siku ya kulichukua gari tulikwenda sote. Fundi aliliwasha. Mlio ulikuwa mwembamba, safi, hauna hata chembe ya moshi. Kisha akamshika baba mkono, akatoa nasaha zake akihesabu kwa vidole vyenye mafuta.

"Sikiliza, mzee. Injini iliyofungwa upya ni mtoto mchanga, inalelewa. Kilomita elfu moja za mwanzo, usivuke hamsini. Umenisikia? Hamsini. Usibebe watu kwa kushindilia. Ukivuka hamsini pistoni zinapata moto, zinavimba, zinashika, injini inaganda palepale barabarani. Na ikiganda usije kwangu kulia, nitakufukuza."

"Hamsini," baba akarudia.

"Hamsini. Mpaka elfu moja."

Nyumbani baba alikata kadibodi, akaandika 50 kwa wino mzito, akaibandika karibu na mshale wa spidi. Kadibodi nyingine, kubwa, aliiweka kwenye kioo cha nyuma: INJINI MPYA. NIPITE. Aliandika kilomita alizoanzia ndani ya kifuniko cha boneti, asije akasahau. Hakusahau kitu maisha yake yote, lakini aliandika.

Kituoni wakamcheka mpaka mate yakawakauka. Abiria wenye haraka walimkwepa. Dereva mmoja alimwambia, "Kipimo, gari lako sasa linafaa mazishi tu, maiti hana haraka." Baba alituletea utani huo nyumbani, akacheka mwenyewe, mama naye akacheka. Siku hiyo ulikuwa utani kama utani mwingine.

Jumanne moja asubuhi, gari likiwa limetembea kilomita mia sita na kumi na mbili tangu lifungwe, mama alikuwa anajiandaa kwenda sokoni. Alikaa ghafla kwenye ngazi ya barazani, karibu na cherehani yangu. Nikamuuliza vipi.

"Kifua," akasema. "Ni kama nimejitwika belo, halafu limekataa kushuka."

Alitabasamu, lakini midomo yake ilikuwa imebadilika, ya kijivu, na jasho lilikuwa linamtoka wakati jua bado halijapanda. Nilimwita baba. Tulimpeleka zahanati, ipo mwendo wa dakika tano. Nesi alimfunga mkanda wa presha mkononi, akamwangalia usoni, akaacha kuzungumza na mwenzake. Alimpa kidonge akitafune.

"Huu ni moyo," alituambia nje ya pazia. "Hapa hatuna kitu. Mpelekeni hospitali kubwa. Gari la wagonjwa liko gereji, wiki ya pili sasa. Nyinyi mnalo lenu, wahini."

Baba alitazama saa ya ukutani, alivyozoea kila anapoondoka na abiria. "Saa tatu na dakika kumi," akasema. Tukaondoka.

Hospitali kubwa iko kilomita themanini kutoka kwetu. Barabara ni ya lami, nzuri, ina mwinuko mmoja mrefu katikati na nyumba chache sana. Nilikaa nyuma na mama, nikamfungua vifungo vya juu vya blauzi, nikashusha kioo apate hewa. Dakika za kwanza sikutazama mbele. Kisha basi likatupita likipiga honi, watu wakitukodolea macho madirishani, na nikaona kwamba hata lori lililokuwa nyuma yetu linataka kutupita. Nikatupa jicho kwenye mshale. Ulikuwa umelala palepale kwenye hamsini.

"Baba, ongeza kidogo."

Hakugeuka. "Ikishika hapa, mwanangu, tutampeleka na nini? Mgongoni?" Alikuwa anatazama barabara tu. "Hapa hakuna mtu. Ikishika hapa ndiyo tumemmaliza."

Fundi alisema itashika, na mimi nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini baba aliongeza. Namtolea ushahidi hapo: kwenye tambarare kabla ya mwinuko alikanyaga mafuta, mshale ukapita hamsini, ukapita sitini, ukafika sabini. Injini iliimba tu. Ikaenda hivyo labda dakika mbili. Kisha ule mshale mdogo wa joto ukajisogeza, ukucha mmoja hivi, nami nikaona shingo ya baba imekakamaa. Akaachia. Tukarudi hamsini.

Hapa nataka kusema jambo ambalo sijamwambia mtu. Alipoachia mguu, mimi nilipumua. Mama yangu yupo begani kwangu anatafuta hewa, na mimi nikapumua kwa sababu injini imepona. Akiba yangu ilikuwa ndani ya injini ile, miaka minne ya kuinama kwenye sindano, na mwili wangu ulilijua hilo kabla ya akili yangu kuwahi kuukataza. Ilikuwa mara moja tu, lakini nilipumua, na ninaona aibu mpaka leo.

Mama alikuwa amefumba macho. Nilidhani hasikii. Akasema polepole, kwa pumzi fupifupi, "Ile injini ya dukani ingekuwa imeshafika. Ingekuwa inatusubiri."

"Mama, usiongee," nikamwambia, kisha nikamgeukia baba.

"Baba, tafadhali," nikasema tena kwa sauti, "ongeza!"

Mama akanishika mkono. "Mwache baba yako," akasema. "Fundi kasema hamsini. Hamsini ni hamsini."

Nimeligeuza neno hilo miaka yote hii, kama mtu anayegeuza nguo kutafuta tobo. Sijui kama alikuwa anamhurumia, asimwone anapasuka mbele yake. Au alikuwa anamchoma, kwa ulimi uleule uliomchoma miaka thelathini na moja, akitaka agutuke, akanyage mafuta, aiue hiyo injini iwe ndiyo mwisho wake. Baba hakujua kusikia maneno kwa namna mbili. Aliitikia kwa kichwa, na nilimwona kwenye kioo machozi yakimtoka, na mguu wake ukabaki palepale.

Nilimchukia kilomita zile. Nasema wazi. Nilimchukia na sikumpigia kelele, na sikuruka kiti cha mbele kumkanyagia mguu, na hilo ningeweza kulifanya.

Kwenye mwinuko tulikwenda arobaini. Kuteremka, hamsini. Kichwa cha mama kikawa kizito begani, nikamwita, akaitika "mm," nikamwita tena, akaitika kwa kuchelewa. Tulipoingia lango la hospitali wahudumu walikuja na kitanda cha magurudumu, wakahangaika na ule mlango wa nyuma usiofunguka kwa nje mpaka nilipousukuma kwa goti. Baba alitazama saa ya mapokezi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Mama aliishi dakika ishirini na kitu humo ndani. Daktari aliyetoka alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, hakuwa mtu mbaya. Alitupa pole, akatueleza kwa maneno ya kitaalamu ambayo sikuyashika, kisha akasema, akijisemea zaidi kuliko kutuambia sisi, "Mngefika hata nusu saa kabla, tungekuwa na la kufanya."

"Asante, daktari," baba akasema.

Fundi alikuja kutoa pole siku ya tatu, amevaa shati safi, kucha bado nyeusi. Watu walikuwa wamepungua. Nilikuwa nagawa chai, na nilimsikia baba akimvuta kando.

"Fundi, nina neno la kukwambia, usikasirike. Nilivuka."

"Ulivuka nini, mzee?"

"Hamsini. Siku ile nampeleka mama. Kwenye tambarare nilifika sabini, kama dakika mbili. Nilirudi haraka. Sijui kama nimeharibu kitu. Utanitazamia."

Fundi alibaki na kikombe mkononi, mdomo wazi, na hiyo haikuwa kawaida yake. Baadaye kidogo akanifuata uani, nilikokuwa naosha vyombo.

"Dada, baba yako anasema nini? Alikwenda hamsini njia nzima? Na mgonjwa ndani?"

"Wewe si ndiye uliyesema?"

Akajishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mimi humwambia kila mteja hamsini. Kila mmoja! Najua atakwenda themanini. Nikimwambia themanini atakwenda mia na ishirini, halafu ananirudia analalamika. Miaka ishirini na mbili nasema hamsini, hakuna hata mtu mmoja aliyenishikia neno. Themanini lile gari lilikuwa linakwenda bila wasiwasi. Kwa dharura, hata mia. Safari moja haiui injini niliyoifunga mimi."

"Ungemwambia."

"Ningejuaje, dada? Ningejuaje kama yupo mtu anayesikiliza?"

Nilimwambia aondoke kabla sijammwagia maji ya vyombo. Akaondoka kwa mlango wa nyuma, bila kuaga.

Nilikaa na maneno yake wiki mbili. Niliapa baba hatayasikia kwangu. Mzee amefiwa, amekonda, anakula kwa kulazimishwa, nimwongezee mzigo wa nini? Nilijua kunyamaza, nami nilinyamaza vizuri tu, mpaka alipoanza tena kutoka na gari. Hakwenda kituoni. Alikuwa anaendesha peke yake, bila abiria, anakwenda na kurudi kwenye barabara ileile, kwa hamsini. Kadibodi ilikuwa bado ipo kwenye kioo. Sikumuuliza. Nilidhani anatafuta mahali pa kulia ambapo simwoni.

Alasiri moja aliingia, akaning'iniza ufunguo msumarini, akavuta kiti karibu na cherehani yangu. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukiona tangu msiba.

"Imetimia," akasema. "Elfu moja kamili. Nimepima oili, haijanywa hata tone."

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mimi nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwa sauti ambayo majirani waliisikia: kwamba hamsini ilikuwa mdomo tu, kwamba fundi humdanganya kila mtu kwa sababu kila mtu humdanganya yeye, kwamba katika wateja wote wa miaka ishirini na mbili mjinga aliyetii alikuwa mmoja. Nilisema mjinga. Nilikuwa namwambia yeye, na nilikuwa naitukana ile pumzi yangu ya kiti cha nyuma, na mama aliyetuambia tumwache, lakini aliyekuwepo wa kupokea alikuwa yeye peke yake.

Baba hakubisha. Alikaa na mikono juu ya magoti.

"Alisema ingeweza ngapi?" akauliza.

"Themanini. Hata mia."

"Tushike themanini," akasema. Alikuwa anatazama ukuta. "Kilomita themanini, kwa spidi themanini, ni saa moja. Tulitoka saa tatu na dakika kumi. Tungefika saa nne na dakika kumi. Tulifika saa tano kasoro dakika kumi." Vidole vyake vilikuwa vinahesabu juu ya goti. "Ni dakika arobaini."

Nilijua anakokwenda. Nilitaka kumziba mdomo kwa mkono wangu.

"Daktari alisema nusu saa," baba akasema. "Zingebaki dakika kumi."

"Baba, basi."

Hakunisikia. Akaanza tena tangu mwanzo, kutoka saa tatu na dakika kumi, taratibu, asije akawa amekosea hesabu.